Laplace, mutoto wa mukulima mwenye kufungua siri ya Jupiter na Saturne

Kila mutu mwenye kusukuma gari yenye kukwama mu matope anajua jambo moja: nguvu peke yake haitoshi. Kama kila mutu anasukuma kwa wakati wake, gari inabaki pale pale. Lakini kama wote wanafuata sauti moja, wanasukuma wakati gari inaenda mbele, wanaachilia wakati inarudi nyuma, kisha wanasukuma tena, ile gari inaanza kuyumba. Inayumba kidogo, inayumba zaidi, na mwisho inatoka. Na hakuna mutu mwenye kuongeza nguvu. Kusukuma kidogo, kwa wakati wake, na kurudilia mara mingi: siri yote iko pale.

Siri hiyo inatumika vilevile kule juu, kati ya sayari, zile dunia zenye kuzunguka jua. Mutu mwenye kuionyesha wazi kwa hesabu ni Mufaransa mumoja, Pierre-Simon Laplace, mwenye kufa tangu karibu miaka 200. Jina lake wanafunzi wetu wanalikuta mu vitabu vya hesabu na vya fizika. Lakini ni wachache wenye kujua kama alikuwa mutoto wa kijiji, kama alipona wakati rafiki zake walikatwa vichwa, kama alikuwa waziri kwa majuma sita tu akaondolewa, na kama kazi yake moja ilitoa hofu yenye kukaa mu vichwa vya wenye elimu tangu wakati wa babu zao.

Mutoto wa Beaumont

Laplace alizaliwa tarehe 23 Mwezi wa tatu 1749 ku Beaumont-en-Auge, kijiji kidogo cha Normandie, upande wa kaskazini wa Ufaransa. Baba yake alikuwa na mashamba na alikuwa anauzisha sidre, ile pombe ya matunda ya pome. Haikuwa jamaa ya masikini wa mwisho, lakini haikuwa vilevile jamaa ya wakubwa. Mu Ufaransa ya wakati ule, mutu alizaliwa mukubwa ao alibaki mudogo: vyeo na majeshi vilikuwa vya watoto wa wenye jina. Mutoto wa mukulima mwenye akili alikuwa na mulango moja mukubwa wa kupandia, nao ulikuwa Kanisa.

Basi wakamutia ku masomo ya watawa Wabenedikto, palepale Beaumont, pahali baba yake mudogo mwenye kuwa padri alikuwa anafundisha. Na miaka 16 akaenda ku universite ya Caen kujifunza mambo ya dini. Baba yake alikuwa anangojea kumuona siku moja mu kanzu ya padri. Kumbe ku Caen kulikuwa walimu wawili wenye kupenda hesabu, na wao wakaona kama kijana huyu hana mwenzake. Akaacha masomo ya upadri. Na miaka karibu 20, akachukua njia ya Paris, na barua ya kumusifu mu mufuko.

Barua ile ilikuwa ya kupelekea d'Alembert, fundi mukubwa wa hesabu mu Ufaransa wakati ule. Inasimuliwa kama d'Alembert hakuijali, juu barua za kusifu vijana alikuwa anazipata mingi. Laplace hakurudi Normandie. Akakaa chini, akaandika barua ingine, yeye mwenyewe, juu ya sheria za mwendo wa vitu, akaituma. Hiyo ilisomwa. D'Alembert akamuita, na kisha siku chache akamutafutia kazi ya kufundisha hesabu ku École Militaire ya Paris. Wasomaji wenye kutembeza barua za kuomba kazi watafahamu tofauti: barua ya kwanza ilisema kama mutu huyu iko na akili, barua ya pili ilionyesha akili yenyewe.

Kufundisha watoto wa wakubwa hesabu ya mwanzo hakukuwa na utamu sana, lakini kulitoa mukate na njia ya kukaa Paris. Nafasi yote yenye kubaki, Laplace aliitia mu karatasi zake. Akaanza kutuma kazi ku Akademia ya Sayansi, moja, mbili, tatu, mbio mbio. Mara mbili alitaka kuingia mu Akademia, mara mbili wakachagua wengine. Tarehe 31 Mwezi wa tatu 1773 wakamukubali. Alikuwa na miaka 24. Hakuwa mutu mwenye kujishusha: alijiona wa kwanza wa hesabu mu Ufaransa yote, na hakuficha. Wenzake hawakupenda maneno yale, lakini ilikuwa nguvu kuyakatala.

Mashaka juu ya mbingu

Sasa tufike ku jambo lenyewe. Mu mwaka wa 1687, Muingereza Isaac Newton alionyesha kama kila kitu kinavuta kingine. Jua linavuta sayari, njo maana hazikimbii. Lakini kama kila kitu kinavuta kingine, basi sayari nazo zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Jupiter, yenye kuwa nzito kushinda sayari zingine zote pamoja, inavuta Saturne, na Saturne inavuta Jupiter, usiku na muchana, bila mapumziko. Kuvutana huko ni kudogo sana mbele ya nguvu ya jua. Lakini kwa miaka elfu kumi? Kwa miaka milioni? Kidogo na kidogo, mambo yatafika wapi?

Na watu walikuwa na sababu ya kuogopa. Johannes Kepler mu miaka ya 1620, kisha Edmond Halley ku Uingereza, walilinganisha tarehe za zamani sana na za wakati wao. Wakaona kama Jupiter inaongeza mbio na Saturne inapunguza mbio. Kufuata sheria za mwendo, sayari yenye kuongeza mbio vile iko inasogelea jua, na yenye kupunguza iko inaenda mbali. Basi kama mambo yanaendelea hivyo, siku moja Jupiter itaangukia ku jua, na Saturne itapotea mu giza. Na dunia yetu, yenye kukaa kati ya Jupiter na jua, itapata nini? Newton mwenyewe aliwaza kama mupango wa mbingu ungeomba siku moja mukono wa Mungu kuutengeneza upya. Akademia ya Paris ikatoa zawadi kwa wenye kuchunguza shida hii. Leonhard Euler akajaribu, Joseph-Louis Lagrange akajaribu. Walikuwa mafundi wa kweli, lakini hesabu zao hazikupatana na mbingu.

Tunapaswa kufahamu hofu ile. Haikuwa hofu ya kesho ao ya kesho kutwa. Watu walikuwa wanauliza kama nyumba yenye tunakaa ndani iko na musingi nguvu, ao kama inaanguka polepole bila sisi kusikia. Wenye kutumika chini ya udongo wanajua swali hilo kuliko wengine: ule ufa mudogo ku ukuta wa shimo, umetulia ao unakua? Kuangalia mara moja hakusaidie kitu. Unatia alama, unarudi, unapima tena.

Mu 1773, fundi Johann Heinrich Lambert, mwenye kutumika ku Berlin, akapima tena. Akachukua tarehe mupya tu, za miaka mia na kidogo, akazilinganisha. Akaona kinyume: Saturne ilikuwa inaongeza mbio! Mu vitabu vya zamani ufa ulikuwa unakua, mu vitabu vipya ulikuwa unajifunga. Nani alikuwa na haki?

Tano kwa mbili

Laplace alizunguka shida hii zaidi ya miaka 10. Kwanza alionyesha, mu 1773 vilevile, kama kufuata hesabu yake kuvutana kwa sayari hakuwezi kusogeza moja daima upande wa jua na ingine daima upande wa inje. Basi sababu ilipaswa kuwa kitu chenye kwenda na kurudi. Lakini kitu gani? Mu Mwezi wa kumi na moja 1785 akaleta jibu mbele ya Akademia.

Jibu liko hivi. Jupiter inamaliza muzunguko moja wa jua kwa karibu miaka 11 na miezi 10. Saturne inaumaliza kwa karibu miaka 29 na nusu. Chukua kalamu: mizunguko tano ya Jupiter inafanya miaka 59 na miezi kidogo. Mizunguko mbili ya Saturne inafanya karibu miaka 59. Karibu sawa, lakini si sawa kabisa. Namba hizi watu walikuwa nazo tangu zamani, na wengi walizipita bila kusimama. Laplace alisimama.

Tuwazie kamyo mbili zenye kuzunguka mu kariere, kila moja ku barabara yake, moja ya ndani na moja ya inje. Ya ndani inafanya mizunguko tano wakati ya inje inafanya mbili. Kila mara ya ndani inapita ya inje, zinakaribiana. Kama ni tano kwa mbili kamili, zitapitana pahali patatu tu, palepale, kila siku. Na kama zile barabara haziko duara kamili, lakini zimevutwa kidogo upande moja, basi pahali pamoja zitapitana karibu zaidi, pahali pengine mbali zaidi. Kule kuvutana hakutajifuta. Kutajumlika, sawa nguvu ya wale watu wenye kusukuma gari ya matope kwa sauti moja.

Lakini tumesema: si tano kwa mbili kamili. Sababu ya kile kipande kidogo chenye kubaki, pahali pa kupitana panasogea polepole. Kwa miaka mia kadhaa Saturne inavutwa upande wa kuchelewa na Jupiter upande wa kuongeza mbio. Kisha, wakati pahali pale pamesogea ya kutosha, mambo yanageuka: Saturne inaongeza, Jupiter inachelewa. Laplace akapata kama kwenda na kurudi kote kunaomba karibu miaka 900. Mu muda ule, Saturne inaweza kuachana na pahali pake pa kawaida kupita upana wa mwezi sawa tunavyouona ku mbingu. Haikuwa kitu kidogo cha kusahau mu hesabu.

Wakati alitia jambo hilo mu hesabu, tarehe za wakati wake zikapatana, na hata tarehe za zamani sana za watu wa Babiloni zikapatana. Hakuna mutu mwenye kuishi miaka 900. Halley aliona kipande kimoja cha safari, Lambert akaona kipande kingine, na kila mumoja alikuwa na haki ku kipande chake. Jupiter haikuwa inaangukia ku jua. Ilikuwa mu safari ya kwenda na kurudi, ndefu kushinda maisha ya jamaa yote kutoka babu mupaka kilembwe.

Miezi tatu yenye kushikana

Jupiter nayo iko na miezi yake. Galileo aliona ine mu mwaka wa 1610, kwa darubini ndogo. Tatu kati yao zina mupango wa ajabu. Io inazunguka Jupiter kwa siku moja na saa 18. Europa kwa siku tatu na saa 13. Ganymède kwa siku saba na saa ine. Maana yake, wakati Ganymède inazunguka mara moja, Europa inazunguka mara mbili na Io mara ine. Laplace akaonyesha kama haiko bahati. Kuvutana kwao kunawashika mu mupango ule: moja ikitaka kutoka kidogo, zingine zinairudisha. Na kufuata mupango huo, zile tatu haziwezi hata siku moja kujipanga zote upande moja wa Jupiter. Mupaka leo wenye elimu wanauita kwa jina lake.

Watu wa mugodi watapenda kujua mambo hayo yanafanya nini ku jiwe. Chukua waya, ukunje, ukunjue, ukunje tena: pahali pa kukunja panapata moto. Kuvutana na Europa na Ganymède kunakataza njia ya Io kuwa duara kamili. Basi Io inasogelea Jupiter, inaenda mbali, inasogelea tena, na kila mara Jupiter inaikunja na kuikunjua, jiwe zima, kubwa kupita mwezi wetu. Mwanzo wa Mwezi wa tatu 1979, Waamerika watatu walitoa hesabu yenye kusema kama ndani ya Io jiwe linapaswa kuyeyuka. Tarehe 5 ya mwezi ule, chombo Voyager 1 kikapita karibu na Jupiter. Siku chache kisha, Linda Morabito, mwenye kutumika na picha za chombo kile, akaona moshi mukubwa pembeni ya Io. Ilikuwa volkano yenye kutapika. Tarehe 5 Mwezi wa tatu ni siku yenyewe ya kifo cha Laplace, mu 1827.

Wakati wa gilotini

Mu mwaka ule wa 1785, Laplace alikuwa na kazi ingine: kutia mutihani vijana wenye kutaka kuwa maofisa wa mizinga. Kati yao kulikuwa kijana mumoja wa Corse, miaka 16, akatoka wa 42 kati ya 58. Jina lake Napoléon Bonaparte. Tutakutana naye tena.

Mu 1788 Laplace akaoa Marie-Charlotte de Courty de Romanges, mudogo wake kwa miaka 20. Wakazaa mutoto mwanaume, Charles-Émile, na binti, Sophie-Suzanne. Mu 1789 Mapinduzi yakaanza. Mwanzoni serikali mupya iliomba wenye elimu kutengeneza vipimo vya watu wote, na Laplace aliingia mu kazi ile. Metre na kilo zenye tunatumikisha leo ku soko na ku mugodi zilitoka pale. Lakini mu mwisho wa 1793 wakamuondoa mu kamati ya vipimo pamoja na wengine, kwa kusema haaminike mbele ya Jamuhuri.

Miezi ile ilikuwa ya damu. Bailly, muchunguzi wa nyota mwenye kuwa mukubwa wa kwanza wa muji wa Paris, alikatwa kichwa mu Mwezi wa kumi na moja 1793. Condorcet alikutwa amekufa mu kifungo mu 1794. Tarehe 8 Mwezi wa tano 1794 wakamukata kichwa Lavoisier, baba wa kemia, ule mwenye kupima moto wa vitu kwa barafu pamoja na Laplace miaka 10 mbele. Laplace alikuwa amechukua bibi na watoto, akatoka Paris, akakaa karibu na Melun. Hakupigana, hakusema kitu juu ya rafiki zake. Alikuwa anaandika. Watu wengine wanaita vile akili, wengine wanaita woga. Mwenye kuwa na watoto wadogo wawili mu nyumba hatakuwa mwepesi kumuhukumu.

Wakati gilotini ilipumzika, akarudi. Mu 1795 akafundisha ku École Normale, na mu 1796 akatoa kitabu juu ya mupango wa dunia, bila hata alama moja ya hesabu ngumu ndani, ili kila mutu mwenye kujua kusoma akifahamu. Mule alieleza wazo lake kama jua na sayari zilitoka mu wingu moja kubwa lenye kuzunguka na kujikaza polepole. Kutoka 1799 mupaka 1825 akatoa vitabu tano vikubwa vya hesabu ya mbingu, Mécanique céleste. Vitabu vile vilikuwa vigumu hata kwa mafundi, juu mara mingi aliruka hatua na kusema tu kama jambo linaonekana wazi, na musomaji alikaa siku nzima kutafuta ule wazi.

Waziri wa majuma sita

Mu mwisho wa 1799 yule kijana wa mutihani, Bonaparte, akakamata utawala. Akamuita ule mwenye kumutia mutihani zamani, akamufanya waziri wa mambo ya ndani. Majuma sita kisha akamuondoa, akaweka ndugu yake mwenyewe Lucien. Baadaye Napoléon alieleza kama Laplace alitafuta vitu vidogo vidogo mu kila jambo, na akaleta ku serikali roho ya hesabu ya vitu visivyopimika. Lakini hakumutupa: akamutia mu Senati, na baadaye akamupa cheo cha comte. Mu 1814, wakati Napoléon alikuwa anaanguka, Laplace alipiga kura ya kumutosha. Mufalme akarudi, na mu 1817 akamufanya marquis. Jamuhuri, Empereur, Mufalme: alitumikia wote, na wote walimulipa. Watu walimucheka juu ya jambo lile, na hatuwezi kulificha.

Kuna jambo lingine lenye kulaumiwa. Mu vitabu vyake alitwaa mara mingi kazi za wengine, hata za Lagrange na Legendre, bila kuandika majina yao, na musomaji aliwaza yote ni yake. Lakini kwa vijana alikuwa muzazi. Mumoja wao, Jean-Baptiste Biot, alisimulia mu uzee wake kama siku moja alipeleka kazi yake ku Akademia, ikasifiwa. Kisha Laplace akamuita pembeni, akafungua kabati, akamuonyesha karatasi za zamani: yeye mwenyewe alikuwa amemaliza shida ile miaka mbele. Alinyamaza ili kijana apate jina, na akamuomba asimwambie mutu. Mutu moja, mambo mawili. Tunayaandika yote mawili.

Mu 1813 binti yake Sophie alikufa wakati wa kuzaa. Mutoto mwenyewe, wa kike, alipona, na uzao wa Laplace unatoka kwa mujukuu yule. Laplace alikufa ku Paris tarehe 5 Mwezi wa tatu 1827, na miaka karibu 78, karibu miaka 100 kisha kifo cha Newton.

Kile alichoacha bila kumaliza

Laplace aliamini kama amehakikisha kuwa mbingu iko na musingi wa milele. Pale alikosea kidogo. Mu mwisho wa karne ya 19, Mufaransa mwingine, Henri Poincaré, alionyesha kama hesabu zile haziwezi kuhakikisha milele. Na mu 2009 Jacques Laskar na Mickaël Gastineau, kwa kutumikisha ordinatere zenye nguvu, walipata kama kuna bahati karibu moja mu mia kwamba njia ya Mercure itaharibika mbele ya miaka miliari tano kuisha. Nyumba iko nguvu sana, lakini hakuna mwenye kutia sahihi ya milele.

Ile siri ya namba lakini haikuzeeka. Inatumika leo mbali sana na jua letu, ku nyota zenye kuanza uzee. Nyota nayo inazeeka: moto wa katikati yake unamaliza kuni za kwanza, nyota inavimba na kupoa inje. Jua letu litafika pale kisha miaka karibu miliari tano. Wachunguzi wanapenda nyota zile kwa sababu moja. Nyota nzito, wakati wa ujana, iko moto sana na inazunguka mbio sana, na alama za mwangaza wake zinachanganyika, sawa vile maandishi ku gurudumu lenye kwenda mbio. Wakati inazeeka inapunguza mbio, na alama zinasomeka. Sayari yenyewe haionekani. Lakini inavuta nyota yake, nyota inayumba kidogo, na ule muyumbo unasomeka mu mwangaza.

Mu 2010 kundi la Muamerika John Johnson, kwa kutumikisha darubini kubwa za Lick ku California na Keck ku Hawaii, likatangaza nyota mbili za namna ile, kila moja na sayari mbili kubwa za namna ya Jupiter. Ku nyota 24 Sextantis, sayari ya ndani inazunguka kwa siku karibu 453, ya inje kwa siku karibu 883: karibu mbili kwa moja. Ku nyota HD 200964, ni siku karibu 614 na siku karibu 825. Chukua tena kalamu. Mara ine 614 ni 2456. Mara tatu 825 ni 2475. Ine kwa tatu, karibu sawa.

Na zile sayari za HD 200964 ziko karibu karibu sana: njia zao zinaachana tu kwa kadiri ya sehemu moja ya tatu ya safari kutoka dunia mupaka jua. Kwa sayari kubwa vile, ni kukaa mulango kwa mulango. Bila mupango, moja ingekwisha kutupwa inje zamani, ao zingegongana. Ine kwa tatu inazilinda, juu zinapitana daima pahali pasipo hatari. Tena namba ile inasimulia safari yao: mafundi wanafikiri sayari za namna ile hazikuzaliwa pale, zilisogea polepole mu wingu la mavumbi la ujana wa nyota, mupaka namba zikazishika, moja karibu na mwenzake, mupaka leo nyota yao inapozeeka.

Jupiter unaweza kuiona bila chombo, miezi mingi ya mwaka, kama nyota kubwa yenye mwangaza wa kutulia, isiyochezacheza sawa nyota zingine. Onyesha mutoto wako mwenye kuanza darasa la kwanza, na umwambie aangalie iko kati ya nyota gani. Akisoma miaka sita ya primaire na miaka sita ya secondaire bila kukatisha, mwaka wa kupata diplome d'État atainua macho tena, na ataikuta imerudi karibu palepale. Itakuwa imemaliza muzunguko moja. Saturne itakuwa haijafika hata nusu.